Waya Ulioota Ndevu

Sijapata kuiona bahari. Mashua niliyoitunza ilikuwa ya bwawani, katika shamba la mkonge upande wa Kilosa, na wapita njia walioliona tanga lake jeupe likisogea nyuma ya mistari ya mkonge walikuwa wakiuliza ni nani huyo anayetembea na shuka alilolianika. Ilikuwa mali ya meneja wa shamba, ambaye alikuja nayo juu ya trela alipohamishiwa kwetu. Jumamosi aliipanda yeye na wageni wake. Siku nyingine zote ilikuwa mikononi mwangu, kuilinda na kuitunza.

Nasema mapema, ili asomaye asitafute kosa mahali lisipokuwapo: kazi ile nilifundishwa, na nilifundishwa vizuri.

Chini ya mashua kulikuwa na mkuku wa chuma, bapa na mzito, ulioshikwa na bolti moja upande wa mbele, ukining'inia kama panga lililotundikwa ukutani. Ukishushwa majini, uliizuia mashua isilale ubavu upepo unapoipiga. Ukiinuliwa, ulijikunja ukaingia tumboni mwa mashua, nayo ikaweza kupita hata penye maji ya magotini. Bwawa letu kiangazi hunywea sana, kwa hiyo mkuku ule uliinuliwa na kushushwa kila mara. Kazi hiyo ilifanywa na winchi ndogo iliyofungwa kwenye shina la mlingoti: mpini wa kuzungusha, gia mbili, na kijino cha chuma kilichong'ata gia ili mzigo usirudi chini. Kutoka kwenye winchi ulishuka waya mmoja tu, usiozidi unene wa kidole cha mtoto mchanga, ukapita ndani ya bomba hadi kwenye mkuku. Uzito ambao wanaume watatu wasingeunyanyua ulishikwa na waya huo peke yake.

Meneja alinionyesha kwa mikono yake mwenyewe. Kila mwezi mashua ivutwe nje ya maji kwa trekta, matope yaoshwe, gia zipakwe grisi. Kisha waya upanguswe kwa kitambaa kikavu cha pamba, toka juu mpaka chini, taratibu.

"Mzee," aliniambia, "kitambaa kikinasa, ujue uzi mmoja umekatika. Usiniulize kama umekatika mmoja au kumi. Nijulishe, tuubadilishe waya wote."

La pili alilonifundisha lilikuwa gogo. Mkuku ukishainuliwa, kabla ya mtu yeyote kuukwangua, gogo lisukumwe chini yake kwa mti mrefu, kamwe si kwa mkono.

Mwaka wa kwanza nilitumia kitambaa. Mwaka wa pili nilikiacha. Mimi nimekata mkonge tangu ndevu zangu hazijaota, na nilipochoka kukata nimesokota kamba. Niliona kitambaa ni kazi ya mtu asiyejua kamba. Nikawa napitisha kiganja. Na kiganja changu, baada ya miaka yote ile ya miiba, kilikuwa kigumu kama soli; sindano ingeweza kuvunjika ndani yake nisijue. Hilo sikulifikiri.

Sasa nimtaje mtu wa pili. Ng'ambo ya bwawa ilikaa familia ya wafugaji iliyotoka kanda ya ziwa, na baba wa familia hiyo alikuwa mtani wangu. Watu wa kwao na watu wa kwetu ni watani tangu enzi za misafara ya miguu: mtani hukutukana mbele ya watu nawe ukacheka, na siku ya msiba wako ndiye anayeshika jembe. Kila asubuhi alileta ng'ombe wake kunywa maji kwa njia ambayo shamba na kijiji vilikubaliana apite, na kila asubuhi tulianza upya.

"Shikamoo yangu iko wapi?" alipiga kelele akiwa bado mbali.

"Shikamoo nimpe mtu anayetazama mikia tangu kuche?"

"Nipe, mtani. Babu zangu walipita hapa na pembe za ndovu begani, wakamkuta babu yako amejificha kwenye mahindi, wakadhani ni ngedere."

"Wao walipita na pembe, wewe umekuja na kinyesi. Cheo kimeshuka."

Alicheka mpaka fimbo ikamdondoka. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka michache, mrefu, mwenye macho yaliyozoea kumtambua ng'ombe mgonjwa kabla hajaanza kuchechemea. Kwa macho hayo hayo aliuona waya.

Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, mashua ikiwa juu ya trela ukingoni. Mimi napaka grisi, yeye ameegemea fimbo yake.

"Mtani, waya wako umeota ndevu."

"Na wewe kidevu chako kama tako la mtoto. Ndiyo wivu?"

"Tazama. Hapa, na hapa."

Nilitazama. Pale waya unapoingia kwenye bomba, nyuzi nne au tano nyembamba kama nywele zilikuwa zimesimama, zikimetameta juani. Niliziona. Nataka hili liandikwe wazi: niliziona.

"Kamba isiyo na manyoya ni ya kufungia vitumbua," nikasema. "Nyinyi mmezoea kamba za ngozi. Za viwandani tuachieni."

"Leo sitanii, mtani."

"Mtani akisema hatanii, ndipo ushike kofia yako."

Akacheka, maana ndivyo utani unavyotaka, akaondoka na ng'ombe wake. Mimi nikachota grisi kwa vidole viwili, nikapaka pale mpaka ndevu zile zikalala.

Kamba ya mkonge huwa na manyoya tangu siku inapotoka mkononi mwa msokotaji. Manyoya ndiyo upya wake, na ikizeeka ndipo hunyonyoka. Ndivyo nilivyojiambia kuhusu waya ule, na kwa mtu wa mkonge maneno hayo yana ladha ya kweli. Lakini waya si mkonge. Unywele wa waya ni mfupa uliovunjika, na mimi nilikwisha kuambiwa hivyo na mwenye mali. Nilinyamaza kwa sababu nyingine. Kama ningemwambia meneja, angeuliza kitambaa kilinasa lini, na ningelazimika kusema kwamba kitambaa sikuwa nacho tena, na kwamba aliyeuona ubovu ni mchunga ng'ombe aliyekuwa akipita tu.

Siku chache baadaye, Ijumaa, meneja alituma neno kwamba kesho yake atakuwa na wageni, na mkuku ukwanguliwe kutu. Nilizungusha winchi, mkuku ukapanda, kijino kikang'ata. Lilibaki gogo. Mti mrefu wa kulisukumia haukuwapo: wiki ile nilikuwa nimeuchukua kuegemezea maharage yangu. Mtani akapita.

"Njoo ufanye kazi ya kiume leo," nikamwita. "Nisukumie gogo hilo."

"Kwa nini? Umezeeka au umeoa mke wa pili?"

"Sukuma, usipige domo."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono tu. Winchi imeng'ata."

Alipiga magoti, akaingiza gogo na mkono wake wa kulia juu yake. Sikusikia mlio mkubwa. Ulikuwa mlio wa bua kavu la mtama linapokanyagwa. Winchi ilikuwa imeng'ata kweli, kama nilivyosema. Waya ndio uliokatika, pale pale palipokuwa na ndevu, na mkuku ukashuka wote juu ya gogo na mkono ukiwa katikati.

Hakupiga kelele. Alisema, "Toa," nami sikuwa na cha kutolea. Nilikimbia kumwita dereva wa trekta aje na jeki. Niliporudi naye, mtani alikuwa bado amepiga magoti, paji la uso limeegemea gurudumu la trela, naye akiwaita ng'ombe wake kwa majina, mmoja mmoja, kwa lugha ya kwao, ili wasitawanyike wakaingia kwenye mahindi ya watu.

Hospitali ya Kilosa walimkata vidole viwili. Cha tatu kilibaki lakini hakikunjiki.

Meneja alikuja jioni ile ile. Hakufoka, ingekuwa heri angefoka.

"Mzee, waya uliukagua?"

"Niliukagua."

"Kwa kitambaa?"

"Kwa kitambaa."

Akatazama ardhi iliyozunguka trela, imejaa nyayo za kwato. "Ng'ombe huwa wanafika mpaka hapa?"

"Kila siku."

"Wanajikuna kwenye mashua?"

Nikasema, "Ng'ombe ni ng'ombe."

Maneno matatu. Sikumtaja mtu, na usiku ule nilijifariji kwamba sikusema uongo. Meneja akachukua maneno hayo matatu akayamalizia mwenyewe, kama nilivyotaka ayamalizie.

Uongo wenyewe, ule usio na kichaka cha kujifichia, ulikuja kwenye mkutano wa kijiji. Shamba lilikuwa limeandika barua kutaka njia ya ng'ombe ya kwenda bwawani ifungwe. Ndugu zangu wakulima, ambao kila mwaka walikuwa na kesi za mifugo mashambani, waliipokea barua ile kama mvua. Mwenyekiti akanisimamisha.

"Mzee, wewe ndiye mlinzi wa ile mashua. Uliona kwa macho yako ng'ombe wakiukwaruza ule waya?"

"Niliona."

Mtani alikuwa amekaa benchi la mbele, mkono umefungwa bendeji nyeupe. Aliulizwa kama ana la kusema. Alisimama, akanitazama mimi, si mwenyekiti, na uso wake haukuwa na hasira. Alikuwa akingoja. Alidhani bado sijamaliza, kwamba nitageuza maneno, watu wacheke, kisha niseme kweli.

"Mtani," akasema, "umetania vya kutosha. Sasa waambie."

Watu wakacheka. Mimi nikatazama makubadhi yangu. Alingoja kwa muda ambao mtu angeweza kunywa maji kata nzima, kisha akakaa. Njia ikafungwa.

Kiangazi kile aliwapeleka ng'ombe mtoni, mwendo wa kutoka asubuhi mpaka jua la utosi, na kurudi wakiwa na kiu tena. Ndama wakafa. Kiangazi cha pili aliuza waliobaki, akahamia upande wa Mikumi. Ndugu zangu walinisifu. Mmoja aliniletea maboga mawili, akasema, "Mzee, umetuokolea mahindi yetu." Maboga yale niliyala. Meneja alifunga waya mpya, akapanda mashua yake miaka mingine miwili, kisha akahamishwa, akaondoka nayo juu ya trela kama alivyokuja nayo.

Nimeishi na jambo hilo miaka kadhaa bila kumwambia mtu, mjukuu wangu, hata bibi yako. Yeye aliniuliza mara moja, "Mtani wako mbona hakuaga?" Nikamjibu kwamba wafugaji hawana desturi ya kuaga. Hiyo nayo iandike.

Mwaka jana bibi yako alipofariki, mtani alikuja. Sijui nani alimpigia simu. Tulimwona akishuka kwenye pikipiki, akasalimia wafiwa, akavua shati, akaomba jembe. Alichimba kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuweka juu ya mpini kuuongoza tu. Kaburi lilipokwisha, akashuka akaketi ndani yake.

"Hazikwi mtu hapa!" akatangaza. "Huyu ni mke wangu. Huyu mzee nilimwazima tu, na ameniharibia."

Kisha akaigiza jinsi marehemu alivyokuwa akifagia uwanja huku akinigombeza, mkono kiunoni, ufagio ukiruka. Alimwigiza sawasawa. Watu walicheka wakilia. Mimi sikuweza kufanya lolote kati ya hayo mawili. Nilitazama ule mkono. Alipokuwa akiondoka nikamshika bega, nikamwambia nina neno. Akaniondoa mkono taratibu.

"Msibani hakuna kesi, mtani. Malizeni arobaini kwanza."

Tulimaliza arobaini, nikakuambia unisindikize Mikumi. Wewe uliyaona mwenyewe, lakini andika, maana wengine hawakuyaona. Nyumba yake iko nyuma ya barabara kuu ambako malori ya kwenda Iringa yanapita bila kupumzika. Ana mbuzi sita. Ulimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akakuuliza shule. Mkewe alituandalia chai, na maziwa ya chai ile aliyamimina kutoka kwenye pakiti ya dukani. Katika nyumba ya watu wale, maziwa ya pakiti.

Nikamwambia yote: kitambaa, kiganja, grisi, mti wa maharage, maneno yangu mkutanoni.

"Unadhani sikujua?" akasema nilipomaliza. "Mimi ndiye niliyekuonyesha."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Mbele ya nani?"

"Mbele yako. Na mbele ya Mungu."

"Mungu naye alikuwapo, hahitaji kuambiwa. Na mimi hukunisingizia faraghani, mtani. Ulinisingizia mbele ya kijiji kizima. Wanangu wakienda Kilosa mpaka leo wanaitwa watoto wa yule aliyekata waya. Nenda pale ulipolitupa neno lile, ukaliokote." Kisha akamgeukia mkewe: "Mwongezee mzee chai. Njia ni ndefu, na huyu akifia hapa nitachimba tena."

Mwezi uliofuata kulikuwa na mkutano. Nilingoja mpaka wakafika kwenye mengineyo, nikasimama. Nilisema nilichosema, kwa sauti ambayo waliokaa nyuma waliisikia. Ukimya uliofuata haukuwa wa mshangao. Ulikuwa wa watu wasiotaka.

Mdogo wangu wa tumbo moja ndiye aliyekuwa wa kwanza. "Kaka, kaa chini. Unataka ng'ombe warudi kwenye mahindi?"

"Nasema habari za waya."

"Waya gani? Mashua yenyewe haipo!"

"Mtu yupo," nikasema. "Mkono wake upo."

Wakaanza kunong'ona. Mwenyekiti, ambaye ni kijana mwenye adabu, akainua mkono kuwatuliza, akasema kwa upole, "Ndugu wananchi, mzee wetu ametoka kufiwa. Ana majonzi. Tumwelewe." Watu wakaitikia kwa huruma, na mama mmoja akaja kunishika mkono akanikalisha. Mkutano ukafungwa kwa sala.

Nilikutuma ofisini ukasome muhtasari wa mkutano, maana niliambiwa kila neno huandikwa. Ulirudi ukaketi, hukutaka kusema. Nikakulazimisha. Ukanisomea: "Mzee mmoja alitoa shukrani kwa wote waliomfariji katika msiba."

Ndipo nikakuambia ulete daftari.

Siilaumu ofisi wala wale walionikalisha. Nilipowapa uongo waliupokea kwa sababu uliwafaa, na sasa ninawapa kweli inayowagharimu njia ya maji na amani ya mashamba yao. Kama ningesema kweli jioni ile meneja aliponiuliza, mkono wa mtu ungekuwa umeumia vile vile, lakini ng'ombe wake wangekuwa wamekunywa. Nimechelewa mpaka kweli yangu imefanana na ugonjwa wa uzee. Hiyo ni kazi ya mikono yangu pia.

Basi andika haya yafuatayo kwa herufi kubwa, mahali pake peke yake. Ng'ombe hawakuugusa waya. Waya ulikuwa umeharibika kwa kutotunzwa. Aliyeuharibu ni mimi niliyelipwa kuutunza. Mwenye ng'ombe aliuona ubovu akanionya mara mbili, nami nikaufunika kwa grisi, kisha nikamwambia aweke mkono wake chini ya chuma.

Nakili mara mbili. Moja upeleke Mikumi, umkabidhi mwenyewe mkononi, wala usingoje jibu; akinyamaza, ni haki yake. Ya pili kaa nayo. Mkutano ujao nitasimama tena, na safari hii nawe utasimama kando yangu usome, kwa kuwa sauti yangu wameipa jina la majonzi. Watakuambia ukae. Mdogo wangu atakuuliza kama babu yako ana akili timamu. Usimjibu, maana ni mkubwa kwako. Rudi mstari wa kwanza, usome tena.